Mkorosho Uliobaki Chini ya Tuta

Kiangazi cha 2019 kilipokolea, kina mama wa kitongoji cha jirani walianza kupita na ndoo upande wa chini wa bwawa letu la marudio. Nasema letu, lakini mimi nilikuwa kibarua tu, nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunibeba, nikaishia kushindilia udongo huko Ruangwa kwa malipo ya kutwa.

Mtambo ulikuwa wa kuchenjua dhahabu. Wachimbaji wadogo walileta mbale zao, yaani mawe yenye dhahabu, makarasha, zile mashine za kusaga mawe, yakasaga, mwalo, ule mteremko wa kuoshea unaonasa dhahabu, ukachukua chake, na mchanga uliobaki, ambao ndio marudio, ukaloweshwa kwa sayanaidi, kemikali ya sumu, kwenye mavati, yaani matangi makubwa, ili ukamuliwe dhahabu ya mwisho. Kilichotoka hapo kiliishia bwawani, tope la kijivu lisilo na mwisho. Bwawa lilizungukwa na tuta la udongo mwekundu, na kila lilipokaribia kujaa tuliambiwa tupandishe ukuta kwa kuingia ndani, tuukalishe juu ya marudio yaliyokwisha kukauka. Njia hiyo ni ya haraka na haili udongo mwingi, kwa hiyo matajiri wanaipenda. Brazil waliipiga marufuku mwaka huohuo, baada ya bwawa la marudio la mgodi wa Brumadinho kubomoka tarehe 25 Januari na kuua watu 270.

Kilichowaleta kina mama ni chemchemi. Ilitokea yenyewe mguuni mwa tuta, maji meupe, hayana harufu, mwezi ambao visima vya kijijini vinachotwa kwa foleni tangu alfajiri. Walishukuru Mungu. Fundi wetu wa udongo, mtu mzima aliyefanya kazi migodi ya Geita kabla ya kuja kusini, aliona ndoo zile akashika kichwa. Aliwaambia maji yametoka kwenye sayanaidi, wasinywe, wasipikie, wasinyweshe mbuzi. Kisha akamwomba tajiri apeleke boza la maji kitongojini. Tajiri akapeleka kibao chenye picha ya fuvu.

Mimi nilipewa kazi ya chupa. Kila asubuhi nilikinga maji ya ile chemchemi kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, nikaiweka dirishani mwa ofisi, na jioni fundi aliinama kuangalia kitako chake. Sikuelewa, nikadhani ni uzee. Akanieleza kwamba tuta lolote la udongo linavuja, hata likijengwa na malaika. Maji yakitoka meupe, tuta linajikamua tu. Yakitoka na udongo, udongo huo unatoka ndani ya tuta, na kila chembe inayotoka inaacha tundu, tundu linakuwa mfereji, mfereji unakula kurudi nyuma mpaka ukutane na bwawa. Hapo hakuna tena cha kuziba.

Chupa zilikaa nyeupe mvua zilipoanza, zikapita Desemba.

Mwishoni mwa Januari 2020 mvua ilishuka kama iliyokuwa imefungiwa mahali. Ndiyo wiki ambayo mafuriko yaliua watu kule Kilwa, redio haikuwa na habari nyingine. Mtambo mzima ulihamia juu ya tuta. Msimamizi alipanga vibarua wajaze viroba vya mchanga, wapandishe ukingo, kila mmoja macho kwenye maji, yamebaki kiasi gani yafurike. Kule chini hakuna aliyekwenda. Nilikwenda mimi kwa sababu ya chupa.

Maji yalikuwa na rangi ya chai. Marudio ni ya kijivu, huo wekundu ulikuwa wa tuta lenyewe. Mdomo wa chemchemi ulizungukwa na kichuguu kidogo cha mchanga, na katikati yake punje zilikuwa zikirukaruka bila kutulia. Nilipanda mbio, nikateleza, nikafika na chupa imejaa nusu. Fundi hakusubiri jioni. Aliitazama mara moja kwenye mwanga wa tochi, akaita mashine zote za dizeli zinyonye maji ya bwawa kuyarudisha kwenye mavati.

Msimamizi alitaka tuzibe. Udongo wa mfinyanzi upo, tushindilie, tumalize. Fundi akagoma: "Ukiziba hapa maji hayarudi nyumbani kwao, yatatafuta pengine usipopaona. Yaache yatoke. Tukamate udongo." Msimamizi akasema yeye ndiye anayeandika ripoti. Fundi akatoa simu, akamwonyesha video ya Brumadinho, ile ya kamera ya mgodi, ukuta umesimama, halafu ukuta hakuna. Msimamizi akaiangalia mpaka mwisho akanyamaza. Tukaanza kubeba mchanga wa mtoni, tukaumwaga juu ya chemchemi, juu yake kokoto ndogo, juu ya kokoto mawe. Maji yanapita, udongo unabaki.

Mimi nikatumwa kitongojini kuwaambia watu wapande mlimani. Wengi walikuwa wameshaanza kufunga virago. Bibi mmoja alikataa kupanda, akanifuata bwawani amejitanda kanga yake iliyolowa.

"Shikamoo bibi," fundi alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mnavuja hapo?"

"Ndiyo bibi."

"Hapo ndipo mlipoukalia mkorosho wangu."

Lilikuwa shamba lake kabla ya mtambo. Alisema trekta lilikata mti likaacha kisiki, likamwaga udongo juu. Akanyoosha mkono gizani: mzizi mkubwa ulikwenda upande ule, unaingia bwawani, alikuwa akiuruka kila akipalilia. Fundi aliufuata mkono wake kwa tochi, akafyeka majani, akakuta tuta limelowa tepetepe hatua chache juu ya pale tulipokuwa tukimwaga. Bila yeye tungelinda mdomo mmoja huku wa pili ukifunguka. Tulipeleka mchanga na kokoto huko pia, mpaka kukapambazuka.

Mchana chupa ilianza kuwa nyeupe. Mashine hazikuzimwa mpaka maji yalipokaa mbali na ukuta.

Kiangazi kilichofuata bwawa lilikaushwa na tuta likachimbwa pale alipoelekeza. Mzizi ulikuwa umeoza wote, umebaki mrija, nikaingiza mkono ukazama mpaka begani. Ndio maana Novemba 2022, niliposikia ukuta wa bwawa la tope umebomoka kule mgodi wa almasi wa Mwadui na tope kuingia mashambani na majumbani, wenzangu waliuliza mvua ilikuwa kubwa kiasi gani, mimi nikauliza tuta lilikalia nini.

Bibi alikuja kuliona shimo akiwa na mjukuu wake na karatasi za fidia ndani ya mfuko wa rambo. Kwenye karatasi palikuwa na mikorosho yote ya shamba lake isipokuwa huo. Alikuwa ameulalamikia tangu siku ya tathmini, akaambiwa haukuonekana. Mhasibu akajaribu kusema kwamba mti uliokatwa zamani hauna ushahidi. Fundi akamwomba avue saa, aingize mkono kwenye tundu. Bibi alilipwa bei ya mkorosho unaozaa, na kabla hajaweka dole gumba alimwambia mjukuu asome tena ile namba, kwa sauti, msimamizi naye asikie.