Mstari mmoja ukutani ulivyomaliza ubishi wa sakafu

Nilipopewa kusimamia ujenzi mara ya kwanza, kila mtu alinishauri vilevile: meza istilahi, ongea kitaalamu, mafundi watakuheshimu. Ushauri wa hovyo kabisa. Mwashi mzoefu ukimtolea maneno ya chuoni anaitikia "sawa bosi", halafu anajenga alivyozoea.

Michoro haikunitesa. Vipimo ni milimita hata kama haikuandikwa. Nondo nazo ukionyeshwa mara moja basi: 12T16-01-200 ni nondo 12 za chuma cha nguvu, kipenyo milimita 16, alama 01 kwenye jedwali la nondo, zikipangwa kila milimita 200. Hiyo 200 ni katikati hadi katikati, si uwazi ulio baina yao. Hapo wengi huteleza.

Kilichonitoa jasho ni sakafu. Msanifu akiitaja anaiona ina vigae tayari. Mhandisi anasema zege tupu. Seremala wa milango anaanzia pale aliposimama. Baina yao kuna saruji ya kusawazishia, gundi na kigae, tuseme milimita 60 au 70, na hizo zinatosha kukifanya kidato cha chini cha ngazi kiwe kifupi kuliko vingine, watu wajikwae kila siku.

Kwanza nilitengeneza jedwali maridadi, kila neno na maana yake, nikalibandika mlango wa stoo. Lilisifiwa sana. Haukupita muda nikalikuta limefungiwa misumari.

Ndipo nikaja na ujanja ambao mpaka leo najisifia. Kwa mpira wa maji wa kupimia usawa na uzi wenye rangi nikapiga mstari kuzunguka kuta zote, mita moja kamili juu ya sakafu itakayokuwa imekamilika. Kisha nikapiga marufuku neno sakafu. Mlango wa 2100 unataka linta, ile boriti ya juu yake? Panda 1100 kutoka mstarini. Swichi ya 1200? Panda 200. Fundi vigae naye anashuka mita moja, uso wa kigae uishie hapo. Walicheka siku ya kwanza, baadaye wakawa wanagombana na yeyote anayeegemeza ngazi na kuufuta. Plasta itaufunika, kwa hiyo acha alama mahali pasipopigwa plasta, uupige upya.

Na usiulize "umeelewa?" Nani atasema hapana? Mpe chaki akuchoree juu ya tofali.

Zege ndiyo ina vichekesho vyake. Mchoro unasema C25, mchanganyaji anajua ndoo. Ile 25 ni nguvu ya zege baada ya siku 28, kwa nyutoni kwa milimita ya mraba. Haimwambii achote nini. Nilimng'ang'ania mhandisi aniandikie kwa ndoo: saruji, mchanga, kokoto na maji. Maji hasa, maana mchanganyaji akichoka anaongeza maji ili koleo liteleze. Alinung'unika kwamba hiyo si kazi yake, lakini akaandika, na karatasi hiyo haikufungiwa misumari.