Siku yangu moja labu: nawafuatilia walinzi wanaoulisha uvimbe

Saa 1 asubuhi. Hata begi sijaweka chini, naenda kwenye friza ya nyuzi -80 kutoa vipande vya uvimbe wa titi la panya. Leo ninavyo 8, vyote vina namba tu, sijui kipi ni cha panya aliyepewa dawa ya kupunguza makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu, ndio walinzi wangu) na kipi ni cha yule ambaye hakupewa, na sitaki kujua mpaka nimalize kuhesabu.

Saa 2. Kukata. Mashine iko -20, unene mikromita 10, kipande kinajikunja ukikipumulia tu. Masaa mawili yameishia hapo.

Saa 4 na nusu. Naweka antibodi, yaani protini zinazonata kwenye kitu kimoja tu na kukionyesha kwa rangi, ya CD31 inashika ukuta wa mishipa ya damu itawaka nyekundu, ya F4/80 inashika makrofaji kijani. Hapa ni kusubiri tu, basi mwanafunzi mgeni akanivutia kiti akaniuliza, dada, seli za kinga si kazi yao kuua kansa, mishipa inawahusu nini? Nikafurahi jamani. Nikamwambia anza na Judah Folkman, daktari mtafiti wa Marekani, 1971, alisema uvimbe usipopata mishipa mipya unakwama kwenye milimita moja mbili hivi, oksijeni haifiki ndani. Sasa kule ndani seli zinakosa hewa, zinatoa kemikali za kuita msaada, na makrofaji wanaitika kwa sababu ndio mafundi wa vidonda toka zamani, wao husafisha na kuita mishipa ili tishu ipone. Wakifika nao wanakosa oksijeni, protini ya HIF, inayoashiria hewa haitoshi, inapanda ndani yao, wanamwaga VEGF, protini inayochochea mishipa kukua, mishipa inachipua kuwafuata. Yaani wanatibu kidonda ambacho hakitapona, na kila nikilifikiria hilo linanigusa sana. Nyutrofili, seli nyingine za kinga, nao wanakuja na MMP-9, kimeng'enya kinachokata nyuzi za tishu na kuachia VEGF iliyonasa humo. Ila seli T za CD8, zile za kinga zinazoua seli za kansa, zinavuta upande wa pili, interferoni gama, kemikali zinayotoa, inazuia mishipa kuchipua.

Akasema basi tuwaue makrofaji wote? Hapana, wengine wanakula seli za kansa, shida ni kuwabadilisha kazi.

Saa 8. Kuosha slaidi, mara tatu, dakika tano tano.

Saa 9. Chumba cha giza, kwenye hadubini. Hapa ndipo napapenda. Mishipa ya kawaida imejipanga kama matawi, hii ya uvimbe imepinda, mingine imeishia njiani, inavuja, na kijani kimeizunguka karibu kila inapogawanyika. Ukiiona hivi unaelewa kwa nini dawa inapata shida kufika ndani, na hata seli T zinashindwa kupenya. Bevacizumab, dawa inayokamata VEGF, iliruhusiwa Marekani 2004 kwa kansa ya utumbo mpana, af 2020 ikaunganishwa na atezolizumab, ya kuamsha kinga, kwa kansa ya ini. Kwangu muungano ule ni wa maana kuliko dawa peke yake, mishipa na kinga ni stori moja.

Saa 12 jioni. Nahesabu mishipa na makrofaji, sehemu 10 kila slaidi. Namba 3 ilichanika pembeni, nimeiweka kando niikate upya.

Saa 2 usiku. Slaidi 7 zimekamilika. Kesho mwenzangu anahesabu hizohizo bila kuona namba zangu, ndipo tufungue bahasha yenye majina ya makundi.