Kila Mtu na Boriti Yake

Somo: 2 Wafalme 6:1–7

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo hili wengi tunalikimbilia kwa ajili ya chuma kilichoelea, tukairuka aya ya kwanza. Habari inaanza na nyumba kujaa. Wana wa manabii wanamwendea Elisha na kumwambia kwamba mahali wanapokaa hapawatoshi tena. Hawamwombi awajengee. Wanaomba ruhusa waende Yordani, kila mtu akakate boriti moja. Naye anawajibu: Nendeni.

Boriti zile zimenikumbusha nyumba moja ya Silver Spring, jimbo la Maryland, Marekani. Mwaka 1975 serikali ya kaunti, ikibana matumizi, iliamua kufunga makazi ya watu waliokuwa wakijinasua kwenye ulevi. Mmoja wao alikuwa Paul Molloy, mwanasheria aliyewahi kufanya kazi katika Seneti kabla pombe haijamharibia kazi na ndoa. Yeye na wenzake wakaikodi nyumba ile wenyewe. Wakaiita Oxford House, kwa kumbukumbu ya Oxford Group, ushirika wa Kikristo ambao waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, waliupitia.

Hawakuweka meneja wala mlinzi. Viongozi huchaguliwa na wakazi kwa kura, kila mmoja analipa sehemu yake ya kodi na matumizi, na anayerudia pombe au dawa za kulevya anaondoka mara moja. Zamani, chini ya kaunti, miezi sita ikiisha walikuwa wanatolewa, uwe tayari usiwe tayari. Hilo wakalifuta: ukiwa msafi na unalipa, kaa.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Mdogo wangu alipoacha unga mara ya kwanza, jumuiya ilichanga, akakaa miezi mitatu kwenye nyumba ya upataji nafuu, tukamrudisha kwa mama kwa shangwe. Akalala sebuleni. Chai analetewa, nguo anafuliwa, shilingi haombwi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulilificha, eti asichoke. Baada ya wiki chache alikuwa amerudi maskani, na redio ya mama imeondoka naye. Hakuna aliyemchukia. Ila hakuna aliyemhitaji pia, na nadhani alilijua hilo kabla yetu.

Oxford House iliongezeka kwa namna ile ile ya Yordani. Nyumba ikijaa, wakazi wanatoa akiba yao na watu wao kufungua nyingine. Mwaka 1988 sheria ya Marekani ikazitaka serikali za majimbo kutenga mfuko wa mikopo: kundi la watu wasiopungua sita liliweza kukopa hadi dola 4,000 kuanzisha nyumba, na kuzirudisha ndani ya miaka miwili. Majirani hawakupenda kila mahali. Kesi ya mji wa Edmonds ilifika hadi Mahakama ya Juu mwaka 1995, na Oxford House ikashinda. Leo nyumba zimezidi 3,000.

Hiyo mikopo ndiyo iliyonirudisha kwenye shoka. Kijana mmoja alipokuwa akikata boriti, chuma cha shoka kilimtumbukia mtoni, akalia kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Mtu anayelilia kitu cha watu bado ana aibu yake, na aibu ya namna hiyo ni mali. Elisha akatupa kijiti, chuma kikaelea, lakini hakumwokotea. Alimwambia akiokote mwenyewe, na kijana akanyosha mkono.

Kinachonisumbua ni ile kanuni ya kuondoshwa. Kondoo mmoja aliyepotea tunamweka wapi? Nimewaza sana, na jibu langu halijakamilika. Najua tu kwamba aliyerudia akiachwa ndani, walio vitanda vya jirani wanaweza kuzama naye. Na aliyetoka, akijisafisha, anaweza kuomba tena, wenzake wakampigia kura.

Mdogo wangu sasa yuko nyumba nyingine, Dar es Salaam. Nilipomtembelea nilikuta karatasi ya zamu ukutani, jina lake mbele ya neno "masufuria". Alikuwa amechuchumaa uani na steelwire, anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria la watu kumi na tano. Sikusalimiwa kwanza. "Kaka, subiri kidogo, zamu yangu hii." Nilisubiri karibu nusu saa juani, na sijawahi kufurahia kusubiri kama siku ile.

Alhamisi jumuiya itasoma sura hii. Ameomba ruhusa kwa wenzake aje, wamemkubalia. Nikamwambia nitampitia. Akasema nisihangaike, nauli anayo.