Riwaya ya Rehema: sura ya nne imekubali

Imekubali! Nimemsomea mdogo wangu sura nzima ya riwaya ninayoiandika, naye akanikatiza palepale nilipotaka: "Ngoja, kwani Salim alitoka saa ngapi?" Kabla ya hapo alikuwa upande wa Rehema kabisa.

Sura hii ilinitesa. Rehema anamsimulia somo yake, yaani mwanamke aliyemfunda, usiku ambao mumewe Salim alipotea, na kila niliyempa rasimu alimshuku mapema mno. Sababu ilikuwa kujitetea. Msimulizi asiyeaminika akianza tu kuapa "Wallahi sikumgusa", msomaji ameshamfunga pingu.

Dawa nimeipata kwenye kiambishi -ka-. "Nilimfungulia mlango, akaingia, nikafunga, nikaenda kulala." Kila neno ni la kweli. Ila kati ya kufunga na kulala ipo karibu saa nzima, na -ka- imeiziba kwa sababu sikio limezoea kwamba tendo hufuata tendo. Ukitia "halafu" au "baadaye" tu, umemwamsha msomaji. Agatha Christie aliruka dakika kumi kwa namna hiyo katika The Murder of Roger Ackroyd, mwaka 1926, na ukurudia ukurasa ule unakuta daktari anayesimulia hakukudanganya hata kidogo. Huo ndio uaminifu ninaoutaka: Rehema afiche, asizue.

Kipo na kiambishi a-. "Alinipigia saa nne," anasema Rehema, na kila mtu anamwona Salim, kumbe ni wifi yake. Nimekitumia mara moja tu. Kikizidi kinakuwa mchezo wa kumwibia msomaji.

Shajara nimeiacha. Tangu riwaya ya Gone Girl ya 2012, ambamo shajara ya Amy, mke aliyetoweka, ni ya kutunga, wapenzi wa riwaya hizi wanaishuku shajara yoyote ya mke. Kwa somo ni tofauti: ya chumbani yanasemwa, lakini kwa heshima, na heshima ina mahali pengi pa kuficha mambo.

Kuhusu vifaa, kirekebisha tahajia cha kompyuta nimekizima, kilikuwa kinapigia mstari mwekundu kila kitenzi changu. Bango la manila ukutani linashinda programu zote: safu ya juu saa za Rehema, ya chini saa za kweli, kwa penseli. Kisha najirekodi kwa simu na kusikiliza ndani ya daladala. Sikio linanasa uongo kabla ya jicho.

Sura ya tano ilikuwa ya Salim. Haitaandikwa. Nimepata wazo la kikao cha wazee, mshenga ndiye anasimulia, na kwa maelezo yake Rehema alikuwa akicheka usiku uleule anaodai alilia. Mshenga naye ana lake: ndoa aliisimamia yeye, ikivunjika na jina lake linavunjika. Kwa hiyo waongo wawili, kila mmoja akilinda heshima yake! Nimeshaandika kurasa za mwanzo na siwezi kuziacha.

Sijaamua kama mshenga aijue ile saa nzima. Nitamwandika kwanza akiwa hajui, nione Rehema atajiachia kiasi gani mbele yake.