Kusoma ukurasa wa stenlesi kwenye hifadhidata: shafti ya pampu ya maji ya bahari

Kazi ilikuwa shafti ya pampu inayovuta maji ya bahari upande wa Kilindini, Mombasa. Mota ni ya kilowati 15, mizunguko 1,450 kwa dakika, na kipenyo ni milimita 30 pale inapokaa sili (kizibo cha kuzuia maji yasivuje kandokando ya shafti). Karakana za Shimanzi na Changamwe hukereza shafti kama hii kwa stenlesi 316, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kupatikana. Nilitaka kujua kama inatosha, nikafungua MatWeb, hifadhidata ya nyenzo za uhandisi.

Ukiandika "316" unaletewa kurasa nyingi, na hazina uzito sawa. Zile za muhtasari hutoa wastani wa gredi nyingi pamoja. Zinafaa kulinganisha makundi ya metali, hazifai kupigia hesabu ya shafti. Mimi hushika namba ya UNS (mfumo wa kuipa kila gredi ya metali namba yake): S31600 ni 316, S31603 ni 316L yenye kaboni isiyozidi 0.03%, na hiyo ya pili ndiyo ya kuchukua kama kuna mahali patakapochomelewa. Nikishapata gredi, natazama hali ya chuma: kimelainishwa kwa moto, au kimevutwa kikiwa baridi? Kemia ni ileile, nguvu ni tofauti kabisa. Fimbo ya 316 iliyolainishwa huahidi kikomo cha unyumbufu (mkazo ambao ukiupita chuma hakirudi umbo lake) cha angalau MPa 205 (MPa, megapaskali, ni kipimo cha mkazo). Iliyovutwa baridi huweza kufika maradufu ya hapo, lakini fimbo ikiwa nene, kiini chake hakikazwi kama ngozi yake. Anayenakili namba ya fimbo nyembamba na kuitumia kwenye fimbo nene anajidanganya.

Safu ya maelezo iliyo pembeni mwa kila namba naisoma kabla ya namba yenyewe. Humo ndimo imeandikwa kama thamani ni ya chini kabisa inayokubalika au ni ya kawaida tu, na ilipimwa kwa joto gani. Kwa usalama natumia ya chini. Tahadhari kubwa zaidi ni kwenye nguvu ya uchovu (mkazo ambao chuma hustahimili ukirudiwa mara nyingi bila kupasuka): kwa kawaida hupimwa hewani, kwa kipande kilichong'arishwa. Shafti yenye mfereji wa ufunguo (mfereji unaochimbwa kushikia kipande kinachofunga shafti na gurudumu lake), tena ndani ya maji ya chumvi, haifikii namba hiyo. Vipimo pia huchanganywa. Ksi, kipimo cha mkazo cha Kimarekani, 1 ni MPa 6.895, kwa hiyo ksi 30 ni takribani MPa 207.

Hesabu yenyewe ni fupi. Msokoto ni 9550 × 15 ÷ 1450, yaani karibu Nm 99. Kwa kipenyo cha milimita 30, mkazo wa kusokota ni 16 × 99 ÷ (π × 0.03³), karibu MPa 19. Kikomo cha 316 kwa kusokotwa ni kama 0.577 × 205, yaani MPa 118. Hata msokoto wa kuwasha mota ukiwa mara mbili au tatu, bado kuna nafasi. Kwa hiyo jedwali la nguvu, ambalo kila mtu hulikimbilia kwanza, halikuwa na neno la kunisaidia kuchagua.

Jibu lilikuwa kwenye jedwali la kemia. Katika maji ya bahari stenlesi haiharibiki kwa kuliwa sawasawa. Huliwa kwa vishimo, na zaidi kwenye mianya: chini ya sili, chini ya oringi (pete ya mpira ya kuziba), ndani ya pakingi (kamba ya kuziba inayozungushiwa shafti). Pampu ikisimama na maji yakalala humo, hali huwa mbaya zaidi, na joto la maji yetu ya pwani halisaidii. Pakingi ya grafaiti ndiyo naikataa kabisa, kwa sababu grafaiti ikigusana na stenlesi ndani ya chumvi huharakisha kuliwa kwa shafti. Ukurasa ukikupa kiwango cha kutu kwa milimita kwa mwaka, usikitegemee hapa. Kishimo kimoja kinatosha kuanzisha ufa.

Kipimo ninachotumia ni PREN, namba ya kukadiria jinsi stenlesi inavyohimili vishimo: kromi + 3.3 × molibdeni + 16 × naitrojeni, yote kwa asilimia. Ingiza kiwango cha chini cha kila elementi, kwa kuwa viwanda hubana nikeli na molibdeni kutokana na bei. 316 yenye kromi 16 na molibdeni 2 inatoa 22.6. Hiyo ni ndogo kwa mwanya uliojaa maji ya bahari.

Nikaenda kwenye dupleksi 2205 (stenlesi yenye aina mbili za fuwele zilizochanganyika), na hapo pana mtego. Jina hilo hubeba namba mbili za UNS. S31803 inaruhusu kromi 21, molibdeni 2.5 na naitrojeni 0.08: PREN 30.5. S32205 inaanzia 22, 3.0 na 0.14: PREN 34.1. Zote mbili huuzwa kwa namba ya Ulaya 1.4462. Bado ziko chini ya 40, kiwango ambacho wahandisi wengi hukitaka kwa mianya ya maji ya bahari, lakini kwa pampu inayofanya kazi kila siku na kusafishwa kwa maji matamu ikisimama, S32205 niliikubali. Kikomo chake cha unyumbufu ni angalau MPa 450, ila ugumu wa kupinda haupishani sana na wa 316 (GPa 193 kwa 316, karibu 200 kwa dupleksi). Kama shafti inatikisika, kubadilisha gredi hakutaiponya. Ongeza kipenyo au punguza urefu unaoning'inia.

Uzito kwa ujazo nao una kazi, maana fimbo huuzwa kwa kilo. Kwa gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo, mita moja ya fimbo ya milimita 35 ni kilo 7.5.

Oda niliiandika hivi: fimbo ya duara, milimita 35, UNS S32205, imelainishwa kwa moto na kupozwa kwa maji, pamoja na cheti cha kiwanda cha EN 10204 aina ya 3.1 (cheti cha ukaguzi chenye matokeo ya vipimo vya chuma hicho chenyewe). Fimbo ikifika, namba ya mkupuo (ya chungu kimoja cha chuma kilichoyeyushwa) iliyogongwa juu yake ilingane na ya cheti, kisha PREN ipigwe upya kwa kemia ya cheti. Sumaku hunasa dupleksi, kwa hiyo huitenga na 316 papo hapo, ila haitofautishi 316 na 304. Bunduki ya eksirei, kifaa cha mkononi cha kupima kemia ya metali, husoma kromi na molibdeni vizuri, lakini haisomi naitrojeni wala kaboni. Hizo mbili utazipata kwenye cheti tu.