Nilivyofika Kuruman na kuvuta mkono wa mashine ya Moffat

Nilikuwa Afrika Kusini nikiitafuta mashine ya mkono ya kuchapia ya Robert Moffat, mmisionari wa zamani, na kila niliyemuuliza Johannesburg alinielekeza Kimberley. Ndugu mmoja tunayesali naye alishikilia hapo hapo: "Mashine ya wamisionari iko Kimberley, kaka, mimi mwenyewe nimesoma." Alikuwa karibu kunikatia tiketi. Ushauri huo umepitwa na wakati kabisa. Ni kweli ilikaa Kimberley miaka mingi sana, lakini katika miaka ya 1990 ilirudishwa kwao Kuruman, kwenye misheni ileile ilikofanya kazi. Ukienda Kimberley leo utaliona shimo la almasi, mashine hutaiona.

Mimi ni mpiga chapa. Nilijifunza kazi kwa wamisionari kusini mwa Tanzania, na mzee aliyenifundisha kupanga herufi za madini ya risasi alikuwa akitusimulia Kuruman kama mahali ambapo Biblia ilichapwa pembeni mwa jangwa, karatasi kwa karatasi, kwa nguvu za mkono. Tangu hapo niliweka nia.

Wengine walinitisha kwamba bila gari la kukodi sitafika. Nilifika. Basi la masafa marefu linalokwenda Upington hupita Kuruman kwa barabara ya N14, baada ya Vryburg. Nauli ni randi mia kadhaa, inategemea msimu. Misheni yenyewe iko kama kilomita tano kaskazini ya mji, na hapo ndipo wageni wanapokamuliwa. Dereva wa kwanza alinitajia bei ambayo kwa kweli ni dhuluma. Nikamwacha, nikaenda stendi ya vibasi vya vijijini, nikamsogelea mama mmoja mwenye mizigo nikamwamkia kwa Kitswana, lugha ya huko, "Dumela, mma," yaani hujambo, mama. Akaitika vizuri, akaniuliza naenda wapi, akanipandisha kwenye kibasi chake na kumwambia dereva anishushe kwenye lango la Moffat. Nililipa nauli ndogo kama ya daladala. Salamu kwanza, swali baadaye, kama nyumbani tu.

Pigeni simu kabla ya kwenda, na mseme wazi kwamba mnataka kuiona mashine ikifanya kazi. Mtu akisema tu "nakuja kutembea" ataonyeshwa bustani na mahali ulipokuwa mti wa mlozi ambapo Livingstone alimposa Mary, binti wa Moffat, basi. Ni habari nzuri kwetu tuliozoea kumsikia Livingstone wa Ujiji, lakini mimi sikusafiri mpaka pale kwa ajili ya posa.

Mwongozaji, mama wa makamo mpole sana, alipaka wino herufi kwa rola, akalaza karatasi, akazungusha mpini kukiingiza kitanda kilichobeba herufi chini ya bamba la chuma, akavuta mkono wa mashine. Chapa ikatoka imefifia. Katikati ya ukurasa wino umekolea, pembeni herufi zimeliwa nusu. Akasema ndivyo inavyotoka siku zote, mashine imezeeka.

Mashine haikuwa na kosa. Nilikwisha kuipapasa ile karatasi, nayo ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya ngoma. Kuruman iko ukingoni mwa Kalahari, hewa yake inapasua midomo, na karatasi kavu hainywi wino. Wapiga chapa wa mashine za mkono walikuwa wakiilowesha karatasi tangu jana yake. Nikaomba ruhusa, nikaomba vitambaa safi na maji kidogo. Nikavikamua mpaka lisidondoke hata tone, nikapanga kitambaa, karatasi chache, kitambaa tena, juu nikaweka ubao na kitu kizito. Kisha nikamwambia, "Mma, tukaangalie kanisa kwanza."

Kanisa ni la mawe, limeezekwa kwa nyasi, lilifunguliwa mwaka 1838, na ndimo Livingstone na Mary walimofungia ndoa mwaka 1845. Tulikaa humo akanisimulia, na mengine nikamwongezea. Moffat alikuwa mtunza bustani kutoka Scotland, uchapaji hakuujua. Mwaka 1830 alikwenda Cape Town na Injili ya Luka kwa Kitswana. Serikali ikamruhusu kutumia mashine yake lakini mafundi hakuna, ikabidi yeye na mwenzake Edwards waingie wenyewe kupanga herufi. Mwaka 1831 mashine ikafika Kuruman kwa gari la ng'ombe. Agano Jipya lilichapwa London mwaka 1840, ila Agano la Kale lilimalizika papo hapo misheni mwaka 1857, ikawa Biblia kamili ya kwanza katika lugha ya Kibantu. Sisi wa Kiswahili tulingoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890. Na si Biblia tu. Kati ya 1883 na 1896 misheni ilichapa gazeti la Mahoko a Becwana, na Watswana wenyewe waliandika humo barua wakibishana hata namna lugha yao inavyopaswa kuandikwa. Hilo ndilo ningetaka wageni waambiwe mlangoni, kabla ya posa na mlozi.

Tuliporudi, karatasi ilikuwa imelainika, ukiigusa inatoa ubaridi tu, haina maji. Mama akapaka wino, safari hii akaniachia mimi mkono. Mwanzo unakuja mwepesi, halafu unakaza, na pale mwisho unasikia kwenye bega uzito wote umeshuka juu ya herufi. Nikauachia taratibu, tukavuta kitanda. Herufi zote zimetimia, nyeusi, kingo kali, hata nukta ndogo. Nyuma ya karatasi ukipitisha kidole unauhisi kila mstari.

"Kumbe, rra!" mama alisema, yaani bwana. "Toka nianze kazi hapa sijaiona hivi." Akachukua kitambaa, akarudia mwenyewe mwanzo hadi mwisho mpaka akaridhika, na zilizofuata zikatoka nzuri kuliko yangu.

Chukueni maji na chakula, na bahasha ngumu ya kubebea karatasi yenu, wino haukauki upesi. Kiingilio ni kidogo, changieni zaidi mkiweza. Safari yangu ijayo ni Morija, Lesotho, kwenye kiwanda cha misheni kilichochapa kazi za Thomas Mofolo, mwandishi wa riwaya wa Kisotho. Anayeijua njia ya kutoka Maseru kwa vibasi, naomba anielekeze.