Ubongo Unapopungukiwa Damu: Kichocheo Kilekile, Saa Tofauti

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea karibu asilimia 15 hadi 20 ya damu inayosukumwa na moyo mtu anapokuwa ametulia, na hauna akiba ya nishati ya kuutosha damu hiyo inapopungua. Kwa kawaida kila gramu 100 za ubongo hupitiwa na mililita 50 hivi za damu kwa dakika. Kiwango kikishuka chini ya 20, seli za neva huacha kazi ingawa bado zi hai. Kikishuka chini ya 10, hufa upesi. Seli hizo zilizonyamaza bila kufa ndizo zinazonivuta kila ninaposoma habari za kiharusi, kwa kuwa bado zinaweza kuokolewa.

Seli zenyewe huanza kujitetea. Oksijeni inapotosha, sehemu moja ya protini iitwayo HIF-1 huvunjwa mara tu inapoundwa, maana vimeng'enya vinavyoitia alama ya kuvunjwa huitumia oksijeni hiyo. Ikipungua, protini hurundikana na kuamsha jeni nyingi, ikiwemo ya VEGF, kichocheo cha ukuaji wa mishipa ya damu. Ugunduzi wa namna seli zinavyohisi oksijeni uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Mtu angedhani, basi, kwamba mgonjwa achomwe VEGF mara moja. Sivyo. Kichocheo hiki hulegeza kuta za mishipa kabla ya kuotesha mipya, na katika majaribio ya panya, waliopewa mapema walivujiwa zaidi na damu ubongoni, ilhali waliopewa siku mbili baadaye waliota mishipa mipya na kupata nafuu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ugumu wote wa tiba hii ulipo: dawa ni ileile, saa ndiyo inayoamua.

BDNF, protini nyingine inayosaidia seli za neva kuishi na kuunganika upya, ina kikwazo kingine: hupita kwa shida kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, hivyo kuichoma mshipani hakusaidii sana. Inatia moyo, hata hivyo, kwamba wanyama wanaokimbia huongeza BDNF katika hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu ambayo baadhi ya seli zake ni miongoni mwa zinazoumia mwanzo damu inapopungua.